Halmashauri Ipi? Nani Hasa Anaamua Mambo ya Kijiji Kisiwani

Karatasi ilibandikwa kwenye shina la mkungu, pale ufukweni watu wanapongojea mashua. Imeandikwa kwa mkono, wino wa buluu ulioanza kuchujuka kwa chumvi: "Halmashauri imeamua mwamba ufungwe miezi mitatu. Atakayekutwa na pweza atatozwa faini." Chini yake muhuri wa duara, umegongwa upande.

Watu watatu waliisoma mbele yangu na kila mmoja akawa na lake. Kijana mmoja mvuvi alisema hiyo amri ya wilaya, wameamua wakubwa huko. Mwenzake akabisha: hii kazi ya watu wa hifadhi, wao ndio wenye mambo ya kufunga bahari. Wa tatu alikuwa bibi mwenye kapu la ukindu na kijiti cha kuchokolea pweza. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hiyo halmashauri iliyoandikwa hapo ni ipi? Maana mie nipo hapa siku zote na sijasikia kuitwa."

Kisiwa hicho sitakitaja, kwa sababu karatasi kama ile inaweza kubandikwa kwenye kisiwa chochote cha pwani ya Tanzania. Lakini swali la bibi nimekaa nalo muda mrefu. Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, vijiji vingi vimepata wenyeviti wapya, na palipo na mwenyekiti mpya maswali hayakosi: huyu ana mamlaka gani, mtendaji ana yapi, diwani anaingia wapi, na mimi mwananchi wa kawaida nimebakiwa na nini? Kisiwani maswali haya yanauma zaidi. Bara, mtu akichoshwa na kijiji chake atahamia cha jirani kwa baiskeli. Kisiwani jirani yako ni maji.

Neno moja, vyombo vingi

Tuanze na neno lenyewe. Halmashauri, katika Kiswahili cha utawala, ni kikao cha watu waliochaguliwa kuendesha mambo ya eneo fulani. Mkanganyiko unatokana na kwamba tunazo mbili zinazotuhusu kwa wakati mmoja. Ipo Halmashauri ya Kijiji, ambayo kwa mazungumzo ya kawaida tunaiita serikali ya kijiji. Na ipo Halmashauri ya Wilaya, ile ya madiwani na mkurugenzi. Mtu akisema "kesho nakwenda halmashauri" ana maana ya hii ya pili, na atapanda boti. Karatasi ikiandika "halmashauri" ikaishia hapo, msomaji ana haki ya kupotea.

Neno baraza nalo lina matatizo yale yale. Baraza la Madiwani ni kikao cha Halmashauri ya Wilaya. Baraza la Ardhi la Kijiji ni la kupatanisha wanaogombea mipaka ya mashamba. Baraza la Kata nalo ni la usuluhishi. Yote matatu yana kazi tofauti, na mtu akikuambia "nenda barazani" huna budi kumuuliza lipi.

Kijiji chenyewe ni nini? Kisheria si mkusanyiko wa nyumba tu. Ni eneo lililosajiliwa, lenye mipaka, lililogawanywa katika vitongoji, na sheria inayoliongoza ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Kijiji kikishasajiliwa, halmashauri yake inakuwa na nafsi yake mbele ya sheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Ndiyo kusema kijiji cha kisiwani chenye kaya chache, ambacho mgeni anaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja, kina nguvu ambayo mtaa wa Dar es Salaam wenye maelfu ya watu hauna. Wenyewe wengi hatulijui hilo.

Jahazi na wenyewe

Mfano unaonisaidia mimi ni wa jahazi. Jahazi lina mwenyewe. Mwenye chombo si lazima asafiri kila siku, lakini ndiye anayempa mtu unahodha, ndiye anayeuliza mzigo umeuzwa kiasi gani, na nahodha akiharibu ndiye anayemshusha. Nahodha naye, chombo kikiwa baharini, huongoza. Hawezi kumtafuta mwenye chombo kila tanga linapogeuzwa. Yupo karani anayeshika daftari la mzigo. Na ipo bandari, ambayo si mwenye chombo hata kidogo, lakini ina taratibu zake, na mzigo haushuki pasipo kuzifuata.

Mwenye chombo katika kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huu ni mkutano wa kila mkaazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Si wa wajumbe, si wa wazee peke yao, si wa wanaume. Sheria inautaja kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo yote ya jumla ya kijiji, ndio unaoichagua Halmashauri ya Kijiji na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Kwa utaratibu wa kawaida unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa.

Nahodha na mabaharia wake ni Halmashauri ya Kijiji. Ina wajumbe 15 hadi 25: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine, wanawake wakiwa si chini ya robo. Wanakaa madarakani miaka mitano na wanatakiwa kukutana kila mwezi. Ndani yake zipo kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Karani ni Afisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye katibu wa vikao na mtunza daftari. Bandari ni Halmashauri ya Wilaya.

Ukiushika mfano huu, mengi yanajieleza yenyewe. Tumezoea kusema "mwenyekiti ameamua" kama kwamba nahodha amegeuka kuwa mwenye chombo. Hata wenyeviti wengine wamezoea. Mwenyekiti peke yake haamui jambo la kijiji. Anaongoza kikao kinachoamua, na kikao hicho nacho kina mwenyewe.

Mtendaji, balozi na muhuri

Mwenyekiti na mtendaji ni watu wawili wanaochanganywa kila siku, na sababu naielewa: wanatumia chumba kimoja, pengine meza moja. Mwenyekiti amepigiwa kura. Hana mshahara wa serikali, ana kazi zake nyingine, yupo kisiwani tangu kuzaliwa na atazikwa hapo. Mtendaji ni mwajiriwa wa Halmashauri ya Wilaya. Anapata mshahara, anaweza kuhamishwa, na mara nyingi kisiwani anakuwa mgeni kutoka bara, amepanga chumba na anajifunza kupanda mashua bila kulowa. Huyu ana uzoefu wa makaratasi, yule ana ukoo. Wakisikizana kijiji kinakwenda. Wakikorofishana, barua zinalala.

Barua hizo ndizo zinazompeleka mtu ofisi ya kijiji mara nyingi zaidi: barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, kitambulisho cha taifa, dhamana ya ndugu aliyekamatwa, ajira ya kijana. Muhuri unaogongwa ni mali ya kijiji. Haukai mfukoni mwa mtu kama ufunguo wa nyumba yake. Na fedha yoyote inayopokelewa ofisini hapo ni fedha ya kijiji na inastahili risiti, iwe shilingi elfu moja au milioni.

Balozi wa nyumba kumi ndiye anayewakanganya hata wasomi. Mashina ya nyumba kumi kumi yalianza enzi za chama kimoja, wakati chama na serikali vilikuwa kama kanzu na kofia, huvai kimoja ukaacha kingine. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, balozi akabaki kuwa kiongozi wa chama. Si ngazi ya serikali. Anaweza kuwa mtu mwema, msuluhishi mzuri wa ugomvi wa mbuzi walioingia shambani, na watu wakaendelea kumwendea kwa heshima yake. Lakini hana mamlaka ya kukuzuia kuhudhuria Mkutano Mkuu, na hakuna kadi ya chama inayoulizwa mlangoni. Ngazi ya chini ya serikali katika kijiji ni kitongoji na mwenyekiti wake.

Hapa kuna jambo jingine lililowachanganya watu mwaka 2024. Kwa uchaguzi wa mwenyekiti na wajumbe ilibidi kujiandikisha upya, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwenye orodha ya wakaazi wa kitongoji, na ile kadi ya mpigakura ya Uchaguzi Mkuu haikutosha. Uchaguzi ule ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na orodha yake ni tofauti na daftari la kudumu. Waliokosa kujiandikisha walikosa kupiga kura. Baadhi wakaamini wamekosa na haki ya kuzungumza mkutanoni kwa miaka mitano. Hapana. Kwenye Mkutano Mkuu unaingia kwa kuwa mkaazi na kwa umri wako.

Diwani anachaguliwa siku ya Uchaguzi Mkuu pamoja na mbunge na rais, anaiwakilisha kata nzima kwenye Halmashauri ya Wilaya. Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wote wanateuliwa na Rais, ila wa kwanza ni mwakilishi wa serikali kuu na wa pili ndiye mtendaji mkuu wa Halmashauri ya Wilaya. Basi, hao wasitupotezee muda.

Nikumbushe tu kwamba haya yote ni ya Tanzania Bara. Ukivuka kwenda visiwa vya Tumbatu au Kojani umeingia utaratibu wa Zanzibar, wenye shehia, na sheha, kiongozi wa shehia, hachaguliwi kwa kura, anateuliwa. Nimesikia watu wa kisiwa cha Mafia, ambacho ni cha Bara, wakisema "sheha wetu" wakimkusudia mwenyekiti. Lugha ya undugu inaruhusu, sheria hairuhusu.

Safari ya kufunga mwamba

Turudi kwenye karatasi ya mkungu, maana pweza ndiye mwalimu mzuri kuliko mchoro wowote wa utawala.

Kwanza, kwa nini mtu atake kufunga mwamba? Pweza anakua kwa kasi ya ajabu. Maisha yake yote ni mwaka mmoja na ushei. Jike akishataga hujifungia shimoni, akayalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kiumbe wa namna hii ukimwacha miezi miwili mitatu tu, yule aliyekuwa wa kujaza kiganja anakuwa wa kujaza kapu. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya pwani yetu vimekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa muda na kuifungua kwa siku moja, wote pamoja. Siku ya kufungua ni kama sikukuu: wanawake wanateremka na vijiti vyao maji yakianza kupwa, wanunuzi wameshasimama ufukweni na mizani zao, watoto wanakimbia na pweza wanaoburuta mikia mchangani.

Sasa, kufunga huko ni uamuzi wa nani? Wazo laweza kutoka kwa yeyote. Mara nyingi linatoka kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi, ambacho kipo kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Linafika kwenye Halmashauri ya Kijiji, linajadiliwa, linaandikwa vizuri: mwamba upi, kuanzia lini, faini kiasi gani, nani atalinda. Hapo bado ni rasimu. Halmashauri ya Kijiji haina budi kuitisha Mkutano Mkuu ili watu walisikie na kulisemea. Likikubaliwa na kuandikwa kwenye muhtasari, linapelekwa Halmashauri ya Wilaya, na madiwani wakiliidhinisha linakuwa sheria ndogo ya kijiji. Kuanzia siku hiyo ndipo faini ina miguu ya kusimamia.

Kabla ya hapo kuna makubaliano, na makubaliano yana uzito wake. Kisiwani mtu akivunja neno la wote, wenzake watajua kabla jua halijatua, na aibu hiyo ni nzito. Lakini kumtoza mtu shilingi elfu hamsini kwa karatasi isiyopitia mkutano wala wilaya ni jambo jingine kabisa. Akienda kulalamika atakuwa na hoja, na yote mazuri ya kufunga mwamba yatazama na hoja hiyo.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo. Anayeumia mwamba ukifungwa si kila mtu kwa kiwango kimoja. Mwenye mashua ataelekea mwamba mwingine. Mwenye miwani na mkuki atazamia maji ya kina. Bibi mwenye kapu na kijiti anautegemea ule mwamba unaofikika kwa miguu, na pweza wake wawili watatu wa bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa sana, ndio sabuni, mafuta ya taa na daftari la mjukuu. Yeye ndiye mwenye haki ya kwanza kusikilizwa, na ndiye anayejua kuliko wote mashimo ya pweza yako wapi na ni miezi gani wadogo wanaonekana. Utaratibu wa Mkutano Mkuu upo kwa ajili yake. Ukirukwa, aliyerukwa ni yeye.

"Mwenyekiti kauza ufukwe"

Uvumi wa ardhi hauishi visiwani. Boti likishusha mgeni mwenye kofia pana na kamera, jioni hiyo kuna mtu atasema ufukwe umeuzwa. Wakati mwingine uvumi una chanzo. Basi tujue mipaka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini. Neno mdhamini hapa ndilo kiini. Mdhamini ni kama shangazi aliyeachiwa vikuku vya yatima: anavitunza, anaweza kuvisafisha, anaweza hata kuvitumia kwa manufaa ya mtoto, ila si vyake na siku yoyote anaweza kuulizwa viko wapi. Ndiyo maana halmashauri hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila kwanza Mkutano Mkuu kuridhia. Mwenyekiti anayesaini peke yake chini ya mnazi ametia saini karatasi tu.

Asiye raia hapewi ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi inamruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na kwa utaratibu unaopita mbali zaidi ya ofisi ya kijiji. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa uwekezaji huo, inabidi kwanza ihamishwe kutoka kuwa ardhi ya kijiji, na ikishahama imehama. Hilo watu walielezwe mkutanoni kwa maneno mapana kabla ya kunyoosha mikono. Nimeona watu wakijadili nusu siku idadi ya madarasa ambayo mwekezaji ameahidi kujenga, bila mtu hata mmoja kuuliza kama ardhi itarudi.

Kisha kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwenye kisiwa chembamba mita 60 ni nyingi, pengine ni upana wa kitongoji kizima na msikiti wake, na ndiyo sababu mjadala wa mipaka visiwani unakuwa mchungu kuliko bara. Mikoko nayo si shamba la kijiji. Ni msitu wa hifadhi wa serikali, na kuikata kunahitaji kibali hata kama imeota nyuma ya jiko lako.

Ugomvi wa mipaka kati ya majirani unaanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, watatu wao wakiwa wanawake. Halihukumu, linapatanisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo limebaki na kazi ya kupatanisha. Ikishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Bahari ni ya nani, na maji je?

Mipaka ya kijiji inaishia nchi kavu. Hapo ndipo watu wa hifadhi wanapoingia kwenye mazungumzo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ina kilomita za mraba 822, na ndani yake mna Chole, Juani na Jibondo, visiwa vyenye watu, misikiti, shule, na pale Kua kisiwani Juani magofu ya mji wa kale. Hifadhi nyingi za wanyama huku bara hazina watu ndani. Hii ina vijiji, na vijiji hivyo vilikuwapo karne nyingi kabla ya mstari kuchorwa kwenye ramani.

Je, hifadhi ina mamlaka juu ya serikali ya kijiji? Ni mamlaka mbili tofauti mahali pamoja. Hifadhi inapanga matumizi ya bahari kwa kanda: ipo isiyovuliwa kabisa, zipo zinazovuliwa kwa masharti. Kijiji kinaendesha mambo ya watu wake. Lakini sheria yenyewe ya hifadhi inazitaja halmashauri za vijiji na kuzipa nafasi ya kushiriki katika kutunga kanuni, kupanga kanda na kuandaa mpango wa usimamizi. Kwa hiyo mwenyekiti anayewaambia watu "hayo ni ya hifadhi, mimi simo" anaitupa haki ya kijiji chake. Na sehemu ya mapato ya viingilio vya wageni inayorudi vijijini ni mapato ya kijiji kama mengine. Mahali pake ni kwenye taarifa ya kila miezi mitatu, isomwe kwa sauti.

Maji ya kunywa ndiyo lawama anayoibeba mwenyekiti bila kosa mara nyingi. Jibondo ni kisiwa cha mwamba mtupu, maji baridi ni adimu, na kwa miaka mingi watu waliyavusha kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa cha Mafia, madumu yamepangwa kama abiria. Tangu Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na jumuiya za watumia maji. Serikali ya kijiji inaweza kusukuma, kuandika barua, kuufikisha ujumbe kwa diwani. Ila bomba likikauka, anayeulizwa kwanza ni jumuiya ya watumia maji.

Na michango? Ya darasa, ya zahanati, ya boti la wagonjwa. Mchango wa hiari ni wa hiari. Ukitakiwa kuwa wa lazima ni lazima upite njia ile ile ya pweza: halmashauri, Mkutano Mkuu, wilaya. Ile kodi ya maendeleo ya kichwa waliyoijua wazee wetu ilifutwa mwaka 2003, na hairudishwi kwa tangazo la mtini.

Nani ni mkaazi, na saa ngapi tukutane

Mambo mawili ya mwisho hayamo kwenye vitabu vya sheria kwa jinsi yanavyoishi kisiwani.

La kwanza ni neno "wa kuja". Mwanamke aliyeolewa kutoka Rufiji miaka ishirini iliyopita, mvuvi aliyehamia kutoka Kilwa, fundi wa mashua aliyeleta familia yake: wote hao, wakisimama kuuliza mapato na matumizi, kuna atakayesema wakae, hawakuzikiwa kitovu hapa. Sheria haikuuliza kitovu. Inauliza ukaazi. Mtu anayelala hapa, anayechota kisima hiki na ambaye watoto wake wanasoma shule hii, ni mwenye chombo sawa na yule mwenye makaburi ya mababu saba.

La pili ni saa. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Huo ndio wakati mwamba unapotoka nje na wanawake wanapokuwa huko, mgongo umeinama, kapu kiunoni. Mkutano Mkuu unaoitwa saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu umewaondoa nusu ya wenye chombo bila mtu kufunga mlango. Hakuna aliyekatazwa, hakuna kanuni iliyovunjwa, na mwisho wa siku muhtasari utaandika "wananchi waliridhia". Naamini wengi wanaopanga saa hiyo hawakukusudia ubaya. Ni saa ya ofisi, wameirithi kutoka bara. Ila kisiwani kalenda ni mwezi, na anayepanga ajenda bila kutazama maji anapanga pia nani asikilizwe.

Bibi yule alikwenda ofisini. Nilifuatana naye kwa kuwa njia ilikuwa moja. Mtendaji, kijana mpole, alimpa kiti, akafungua daftari la mihtasari lenye jalada jeusi. Kikao cha Halmashauri ya Kijiji kilikuwamo, tarehe, majina na saini, na uamuzi wa kufunga mwamba umeandikwa kwa hati nzuri. Akafunua ukurasa uliofuata, na mwingine. Mkutano Mkuu haukuwamo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Bibi, hapa tuliruka."

Siku mbili baadaye tuliwasikia wapiga upatu wakipita kitongoji kwa kitongoji. Karatasi mpya ilibandikwa juu ya ile ya zamani, imeandikwa kwa ukamilifu safari hii: Mkutano Mkuu wa Kijiji, wakaazi wote wa miaka 18 na zaidi, ajenda ni kufunga mwamba. Saa kumi alasiri, maji yakiwa yamejaa.